Sweta la Mwalimu wa Kompyuta

Hapana, sikumchukia. Liandike hilo kwanza kabla hujaniuliza, maana nakuona umeshaweka vidole kwenye hiyo mashine yako na swali limekaa machoni. Yule mwalimu hakunikosea kitu. Hakuninyima salamu, hakula vitumbua vyangu akajifanya kasahau, hakunicheka kwamba sijui kusoma. Ningekuwa nimemchukia ningepumzika, ningesema tuligombana, yakaisha. Nilimpenda. Aibu yangu inaanzia hapo.

Wewe mjukuu wangu ulikuwa kwa wazazi wako Chitete, hukuyaona. Mimi nilikuwa nauza vitumbua na chai kwenye geti la shule ya sekondari, hapa hapa Tunduma, miaka ile bado tunaitwa watu wa Mbeya, mkoa huu haujakatwa. Geti lilitazama barabara ya malori. Foleni ya kuvuka ikiwa ndefu, madereva walishuka kunywa chai kwangu, walimu walikuja saa nne, wazazi walipita kuleta watoto. Wote nilikuwa nao mdomoni.

Mtu asiyesoma anaweka watu masikioni. Nikimsikia mtu mara mbili nimemchukua. Kulikuwa na wakala wa forodha, kijana mwenye simu mbili, anakaa kwenye benchi langu, kitumbua mkononi, anamwambia tajiri yake, "Bosi nipo Mbeya mjini, natoka, natoka sasa hivi." Akiondoka tu namrudia, simu mbili, midomo imejaa, "Natoka bosi, niko kwenye gari, huo mlio ni injini," na mlio wenyewe ni mafuta yangu yanachemka. Kulikuwa na dereva wa Zambia, mzee mpole, kila siku ananisalimia kwa Kibemba chake, "Mulishani mayo, hii chai yenu maziwa yake ni machache kama mshahara wangu." Mkuu wa shule alikuwa anameza mate kila baada ya maneno matatu. "Ndugu wazazi. Tukumbuke kwamba elimu. Kwamba elimu ni bahari." Hata mwenyewe nilimfanyia mbele yake, akacheka, akameza mate.

Kipaji hiki nilikitoa kwa bibi yangu, kule Ihanda. Mtu akifa, bibi anaitwa kama mtani. Anavaa koti la marehemu, anashika fimbo ya marehemu, anatoka chumbani kwa mwendo wa marehemu, anauliza kwa sauti ile ile, "Mbona ugali wangu umepoa?" Mjane anacheka huku machozi yanamtoka, na kilio kinapungua uzito. Nilikuwa namfuata bibi msiba hadi msiba, najifunza. Akaniambia neno moja ambalo nilikuja kulikanyaga. Aliye hai, alisema, mwonje tu. Chukua neno lake moja, au kikohozi chake, umrudishie. Usimvae mzima mzima na nguo na mwendo na sauti, hiyo ni ya aliyekwisha, ambaye hahitaji tena kusema. Ukimvaa aliye hai, unamzika na macho yake yako wazi.

Haya. Mwalimu akaja. Msichana mwembamba wa Pwani, miwani, mkoba wa kitambaa, na baridi yetu inamtesa. Mwezi wa sita anakuja kunywa chai ameshika kikombe kwa mikono miwili kama anakiombea. Alikuwa anaanza kila kitu na "hebu." "Hebu bibi yangu, nimiminie." "Hebu bibi, niambie, jua la huku huwa linakwenda wapi?" Alipewa chumba cha kompyuta. Mashine zilikuwepo, wafadhili walizileta, lakini zilikuwa zimelala. Fundi mmoja wa mjini ndiye aliyeziwekea programu za kunakili kienyeji, na kila ukiziwasha zinadai namba ambayo hakuna mwenye nayo, halafu virusi vikaingia. Watoto walikuwa wanaingia kuzifuta vumbi.

Mwalimu akazifuta zote ndani, akaweka programu huria. Neno lile nililisikia mpaka nikaliota. Nilimuuliza siku moja, vitumbua vikiwa kwenye mafuta, "Mwanangu, hiyo huria ndiyo nini, ni ya bure?"

Akasema, "Hebu bibi, bure ni sehemu tu. Imetengenezwa na watu wengi, wako nchi nyingi, wengine hawajuani hata sura. Wamesema: chukua, tumia, mpe jirani, na ukitaka ifungue uone ilivyoshonwa ndani, ukiona imekosewa, irekebishe, kisha na wewe uwape wenzako."

Nikageuza vitumbua. Nikamwambia, "Basi ni mbegu ya maharage."

Akaweka kikombe chini. "Vipi bibi?"

Nikamweleza. Nilipoolewa, mama mkwe alinipa maharage ya mbegu kwenye kibuyu, yamechanganywa na majivu yasiliwe na wadudu. Hakuniuzia. Kwetu mbegu ilikuwa haiuzwi kwa jirani, unampa, anapanda, anachagua zilizo nzuri, na mwaka wako ukiwa mbaya unaenda kwake unarudishiwa ile ile, pengine imekuwa bora kuliko ulivyompa. Kisha biashara ikafunguliwa, ikaja mbegu ya mahindi ya paketi. Inazaa kweli, siwezi kusema uongo. Lakini ukiipanda tena mwaka wa pili inakutia aibu, na kila msimu lazima urudi dukani. Nikamwambia, "Ile ya fundi wa mjini ni ya paketi. Hii yako ni ya kibuyu."

Akatoa daftari, akaandika yote, mimi nasema na yeye anaandika, mpaka kengele ikagonga. "Hebu bibi," akasema, "miaka mitatu nasoma chuo na hakuna aliyenieleza hivi."

Tangu siku ile akawa anakuja asubuhi na maneno. Alikuwa anasaidia kuziweka hizo programu kwa Kiswahili, yeye na wenzake waliotawanyika huko na huko, na maneno mengine yalikuwa yanawashinda. Ananiuliza, "Bibi, ukifanya jambo, halafu ukajuta, ukataka liwe kama halijafanyika, mnasemaje?" Nikamwambia hapa tunasema umeshaharibu. Akacheka. "Hapana bibi, huku kwenye mashine linarudi." Nikafikiri, nikasema, basi ni kama kushona, unafumua. Akaandika. Siku nyingine anauliza pa kutupia vitu ambavyo bado unaweza kuviokota, nikamwambia jalala la nyuma ya nyumba, siyo la halmashauri. Akaandika, jalala.

Akanipeleka chumbani siku moja, wanafunzi wametoka. Mashine inawaka kimya. Akanishika kidole, akakiweka kwenye kioo. "Hili hapa, bibi, hili neno ni lako." Sikuweza kulisoma, lakini nililiona lilivyokaa, dogo, jeusi, kama mchwa waliojipanga. Kidole changu kilikuwa na mafuta, kikaacha alama. Nikataka kufuta kwa khanga. Akasema, "Acha."

Na siku hiyo hiyo, tukitoka, upepo unakata, akavua sweta lake la kijani akanivisha. Nikakataa, akasema ana jingine. Hakuwa na jingine. Nilimwona wiki nzima anatetemeka.

Sasa upande wa pili. Mwenyekiti wa wazazi alikuwa mfanyabiashara wa malori, mtu wa Kigoma, mtu wa swala tano, mabati ya shule ile ametoa yeye. Simsemi vibaya. Yeye aliisikia hii habari ya programu za bure akashtuka, na alivyoshtuka ndivyo tulivyoshtuka wote, kwa sababu sisi ni watu wa mpakani. Hapa mtoto akijua kutembea anafundishwa: mtu usiyemjua akikupa furushi, akakwambia, "Mama, nivushie tu hili, huna gharama," kimbia. Ndani yake kuna kitu cha kukufunga. Cha bure hapa kina mwenyewe, na mwenyewe amejificha nyuma ya lori anakuangalia. Mali safi ina boksi, ina sili ya kiwandani, ina karatasi.

Alikuja kwangu akanywa chai, akasema kwa ile sauti yake nzito, "Mama Vitumbua, mimi nikikamatwa na mzigo naonyesha karatasi. Huu wa mwalimu wakiniuliza wa nani, niseme wa nani? Niseme wa walimwengu?"

Benchi zima likacheka. Na mimi nikacheka, na mimi niliyekuwa na jibu. Ningemwambia, mzee, maharage ya kwenye kibuyu uliwahi kuyaona na sili? Sikusema. Lilikuwa neno zuri lile, wa walimwengu, nikawa nalionja mdomoni.

Yeye alitaka wazazi wachangie, programu za kwenye boksi ziletwe kutoka upande wa pili wa mpaka, halali, zenye sili. Mwalimu alitaka aachiwe alivyoanza. Mkuu akaamua uitishwe mkutano wa wazazi Jumamosi. Wakikataa za mwalimu, chumba kinafungwa mpaka mchango utimie, na wewe unajua michango yetu inavyotimia. Wale wa kidato cha nne wangemaliza bila kugusa tena.

Mwalimu akaja Jumatatu asubuhi. Hakuketi. "Bibi, mimi wataniona mgeni. Hebu njoo Jumamosi uwaambie ile ya mbegu. Wewe ni wa hapa, watakusikiliza."

Nikamwambia, "Mwanangu, nitakuja. Nitawaambia."

Nilisema kwa moyo, naapa. Jumatatu ile ile, jua limepanda, benchi limejaa, wamo wazazi, wamo madereva, wale mama wauza nyanya wa ng'ambo ya barabara nao wamesogea. Mmoja akasema, "Mama, wote umetufanyia, mbona mwalimu wa kompyuta hujatufanyia?"

Mwingine akasema, "Huyo anamwogopa, kapewa sweta."

Basi. Lile la kusema namwogopa ndilo lililonitoa. Sweta nilikuwa nimelivaa. Nikakunja waya wa kufungia kuni nikaufanya miwani, nikachukua mfuko wa unga nikauweka kwapani, nikafunga mikono kifuani kama mtu anayesikia baridi mpaka kwenye ini, nikatembea vile anavyotembea, hatua fupi, kama anaogopa kukanyaga Tunduma. "Hebu wazazi wangu. Hebu tulieni. Programu hii ni huria. Siyo bure, ni huria. Ukiila unampa jirani, jirani akiila anakurudishia. Hebu chukueni kompyuta mkaipande shambani, mwezi wa tatu itaota majani, mwezi wa sita mtavuna vioo."

Mjukuu wangu, walikufa kwa kicheko. Yule dereva mpole wa Zambia alikaa chini kwenye vumbi. Mama nyanya mmoja alisahau nyanya zake zikabingirika barabarani.

Ona nilichofanya. Ile mbegu ilikuwa yangu. Nilimpa mwalimu kwa nia njema, akaipokea kwa mikono miwili, na mimi nikaichukua nikaifanya upuuzi, nikaitia kwenye mdomo wake.

Ningefanya mara moja ningesema shetani. Nilifanya Jumanne. Jumatano walikuwa wanakuja wasionunua kitu, wamekuja kusikia tu, na mimi naongeza, leo nakohoa anavyokohoa, kesho nasukuma miwani anavyosukuma. Watoto wa shule wakaanza kusema "hebu wazazi wangu" wakipokezana mpira. Mwenyekiti mwenyewe akaja Alhamisi na wageni wake, akasema, "Waonyeshe," nikaonyesha, akafuta machozi kwa kofia yake, akasema mimi ni hazina. Nilirudi nyumbani najisikia kama niliyeolewa upya.

Ijumaa nilikuwa katikati ya ile ya kuvuna vioo nikaona benchi limenyamaza. Nikageuka. Amesimama nyuma yangu na kikombe chake.

Nikabaki na waya machoni.

Akatabasamu kidogo. "Bibi, kwani mimi nasema hivyo?"

Nikamwambia, "Utani tu mwanangu, kaa unywe chai."

"Hapana, nauliza tu. Ndivyo ninavyosikika?" Na nikaona mkono wake umepanda umefunika mdomo, kama mtu aliyeng'olewa jino. Aliagiza chai bila kusema hebu. Alionyesha kwa kidole. Wakati wa kuondoka aliniambia, "Kesho saa tatu, bibi. Usisahau." Alikuwa bado ananitegemea. Hilo ndilo linaniuma hadi leo. Alinikuta nimemvaa, na bado akanitegemea.

Nikwambie yaliyofuata kabla ya mkutano wenyewe, maana neno lile lililosemwa mkutanoni likishatoka mimi sina tena la kuongeza. Chumba kilifungwa kwa kufuli. Mchango ulikusanywa robo, ukaishia hapo. Boksi zilikuja mbili, nzuri, zenye sili ya kung'aa, zikawekwa kwenye mashine ya mkuu na ya karani. Nyingine zilibaki na vumbi, nikipita dirishani naona vioo vinanitazama. Mwalimu aliomba uhamisho, akapata. Siku ya kuondoka alikuja akanywa chai, akaniamkia vizuri, "Shikamoo bibi," nikaitikia. Nilimrudishia sweta nimelifua, nimelikunja. Akasema, "Kaa nalo, huku kuna baridi." Hakuniuliza neno lolote. Nilikuwa nimemwandalia moja, nimelitafuta usiku na mchana, la kitu unachofumua kisifumuke. Hakuuliza, na mimi sikulisema.

Na sauti yake sikuifanya tena. Watu waliniomba mpaka wakachoka. Nyingine zikaendelea kidogo, yule wakala, yule mkuu, kisha nazo zikakauka. Wakasema mama amezeeka. Nikawaacha waseme.

Sasa mkutano. Jumamosi ile ilikuwa baridi mbaya, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati. Nilikwenda mapema, nikakaa ukutani na beseni langu. Niliona kwamba bado naweza kurekebisha. Nilijiambia, ya wiki nzima yalikuwa ya barabarani, haya ya leo ni ya kweli, watu wazima wanajua tofauti. Mkuu akafungua. Elimu ni bahari. Mwenyekiti akaeleza kuhusu boksi na karatasi, kwa adabu kabisa. Kisha mwalimu akaitwa.

Alisimama, akasukuma miwani. Nikasikia pua ya mtu inapumua kicheko huko nyuma.

"Hebu wazazi wangu," akasema.

Kilianza nyuma kikaja mbele kama mvua kwenye mabati. Hawakuwa wanamcheka kwa ubaya, ndivyo ninavyoamini. Hawakumsikia yeye, walinisikia mimi. Alingoja. Kikapungua. Akaanza tena, akaliruka lile hebu, na bila hebu hakujua mguu upi atangulize, akakohoa, na kikohozi nacho nilikuwa nimeshakifanya. Wakacheka tena. Akashika mikono kifuani kwa baridi. Hilo nalo nilishalifanya. Hakubakiwa na kitu ambacho hakijapita kwangu. Akageuka, macho yakanitafuta ukutani mpaka yakanipata.

Nikasimama.

Nilikuwa nimevaa sweta la kijani. Naapa sikulifikiria, ilikuwa baridi, nilivaa nilichokuwa nacho. Waliponiona nalo hawakungoja nifungue mdomo. Walipiga makofi. "Mama, tupe." "Tulieni, anaanza." Nikasema kwa sauti yangu hii hii, hii unayoisikia, ya Ihanda, "Wazazi wenzangu, anachosema mwalimu ni kweli. Ni kama mbegu ya kwenye kibuyu." Nikataja mbegu tu, ukumbi ukaanguka. Nikapaza sauti, nikasema siigizi, leo siigizi, na hilo ndilo likawachekesha kuliko yote. Kuna mzee alikuwa anajipiga mapaja. Hata mkuu alishindwa kumeza mate yake.

Mwalimu alikuwa bado amesimama, karatasi zake mkononi, anangoja zamu yake irudi. Mwenyekiti akainua mkono, watu wakanyamaza. Alikuwa anafuta macho kwa kofia. Akasema bila hasira, kama mtu anayempunguzia mwenzake mzigo:

"Mwalimu, kaa tu. Hotuba yako tumeshaisikia kwa Mama Vitumbua."